Pigo la Tatu kwenye Kitrekta cha Nyasi

Msambweni, Ijumaa, mwezi wa tano. Asubuhi jua la mvua, lile linalochoma huku mawingu yako. Sasa ni baada ya alasiri na matone yameanza kugonga bati.

Mikono yangu ina grisi mpaka viwikoni na sijisikii kuiosha. Nimekaa kibandani kwangu, mlango nimeuegesha, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

Wanaosoma ukurasa huu wananijua. Mimi ndiye Mjomba Hamisi, fundi wa kila mashine inayozunguka. Ndimi niliyewaandikia humu jinsi nilivyoliwasha jenereta la harusi kwa kifuu cha nazi. Ndimi niliyeiamsha injini ya boti katikati ya maji kwa kuipulizia mdomo. Kifuu kilikuwa kweli, wallahi. Ila jenereta halikuwaka. Harusi ilimalizika kwa taa za chemli na watu wakala pilau lao wakaondoka.

Leo nataka kuandika bila chumvi. Sijazoea, kwa hivyo mnivumilie.

Jambo lenyewe ni hili: shemeji yangu Salim, mume wa dada yangu Mwanasha, leo ameondolewa kwenye mashine aliyoiendesha miaka kumi na tisa, kwa kosa ambalo ni langu mimi.

Nimeliandika. Naendelea.

Salim ni mtunza bustani kule Diani, kwenye nyumba za wageni ambazo sitazitaja jina. Pana uwanja wa nyasi unaotoka barazani mpaka ukuta wa bahari, ukisimama huku aliye kule humtambui. (Hiyo si chumvi. Labda kidogo.) Nyasi zile hukatwa kwa kitrekta cha kupanda, chekundu kilichopauka kikawa rangi ya embe bivu, cha zamani kuliko wafanyakazi wengi wa pale. Unakaa juu yake kama dereva, na chini ya tumbo lake kuna sinia kubwa la chuma lenye visu viwili vinavyozunguka.

Salim ndiye anayekaa juu yake. Kabla ya hapo alikuwa mkwezi wa minazi. Siku moja alianguka, goti la kulia likageuka upande usio wake na halikurudi sawasawa. Hawezi kuinama kwa muda mrefu, hawezi kusimama jua zima na fyekeo. Lakini mkalishe juu ya kile kitrekta, atakukatia mistari iliyonyooka kama ya daftari. Wageni hutoka kupiga picha nyasi. Mimi mwenyewe nimewaona.

Kile kiti ndiyo miguu yake. Hakuna njia nyingine ya kulisema.

Alhamisi ya wiki iliyopita alisikia mlio chini ya sinia, kama mtu anasaga kokoto. Akazima hapo hapo. Salim si mtu wa kusema "acha nimalizie mstari". Wakakipakia kwenye pikapu wakakileta kwangu, maana nilikuwa nimeshawatangazia mpaka walinzi wa pale kwamba hakuna mashine iliyowahi kunishinda pwani yote ya kusini.

Meneja wa pale ni mgeni, mwanamke wa bara, wote wamwita Madam. Mtu wa haki lakini hana muda wa kupoteza. Alinipigia simu siku ile ile. Wenye mali wanakuja Jumamosi ya wiki inayofuata, alisema, yaani kesho. Kama kitrekta hakitakuwa kinakata kufikia Ijumaa, atakitupa na ataleta kampuni ya kukata nyasi kutoka Mombasa, na kampuni huja na watu wake.

"Madam," nilimwambia, "hiyo kazi ya nusu siku."

Na kweli ilikuwa ya nusu siku.

Nilikifungua, nikaona beringi ya kisu cha kulia imekufa. Beringi yenyewe si kitu, nilipata nyingine Ukunda siku hiyo hiyo. Kazi ilikuwa kuitoa ile mbovu. Beringi hukaa ndani ya chuma cha aluminiamu, mfano wa kikombe chenye masikio manne, na kila sikio lina tundu la bolti la kukishikilia kwenye sinia. Mimi nakiita kikombe. Beringi ikikaa humo miaka hukamatana nacho kabisa.

Njia yake ni kuchemsha. Unakitia kikombe kwenye sufuria ya maji kama unachemsha muhogo. Aluminiamu hupanuka kuliko chuma, beringi inalegea, unaigonga kwa mpini inaanguka yenyewe. Hili nalijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Nimewafundisha wengine.

Lakini ilikuwa wakati wa alasiri, na jirani yangu huuza kahawa. Wazee na wasio wazee walishakaa na vikombe vyao wakinitazama. Alikuwepo Athumani, askari wa getini kule kule anakofanya kazi Salim, ametoka zamu. Athumani ana mdomo.

"Hamisi, hiyo leo imekupata," akasema. "Hiyo ya Wazungu, haikusoma Kidigo."

"Nitaitoa kwa mapigo matatu," nikasema. "Hesabuni."

Wakahesabu kweli. La kwanza, haikutikisika. La pili, ikatoa vumbi la kutu. Pale mimi nikajua, naapa nilijua, kwamba sasa ndio wakati wa kuteka maji na kuwasha jiko. Lakini nani atakunywa kahawa ya pili kumtazama Hamisi akichemsha chuma? Nikainua nyundo kubwa.

La tatu, beringi ikaruka ikaanguka mchangani. Athumani alinipa kahawa yake mwenyewe.

Walipoondoka kwenda kuswali magharibi nilikifuta kikombe kwa mafuta ya taa. Kulikuwa na mstari, mwembamba kama unywele, kutoka mdomoni mpaka kwenye sikio moja. Nikaingiza ukucha. Ukazama.

Madam akapiga simu. Mtanisamehe, lakini maneno yale nayakumbuka moja moja.

"Fundi, imekuwaje?"

"Beringi imetoka, Madam. Lakini kikombe nimekikuta kimepasuka."

"Kimepasuka na nini?"

"Labda jiwe."

Kule karibu na ukuta wa bahari kuna miamba ya matumbawe inayochungulia kwenye nyasi. Yeye anaijua, mimi naijua. Sikumtaja Salim. Sikuhitaji. Ile "nimekikuta" na ile "labda" zilimaliza kazi zenyewe.

Salim alikuja asubuhi yake. Alikigeuza kikombe mkononi, akakiweka chini taratibu kama yai.

"Mwamu," akasema, kama tunavyoitana mashemeji, "mimi sikugonga jiwe."

"Labda hukulisikia. Ile mashine ina kelele."

"Ningelisikia," akasema. Akaondoka akichechemea.

Nilibaki natazama mgongo wake, nikajiambia: kitengeneze kwanza, halafu hayo mengine yatajimaliza. Kikishakata nyasi, nani atauliza kilipasuka vipi? Huo ndio uliokuwa mpango wangu. Mpango wa mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

Nikaenda Mombasa na kikombe kwenye mfuko. Duka la kwanza hawakukijua. La pili kijana wa bara alibofya kompyuta yake, akanionyesha picha ya kitrekta chenyewe na maandishi mekundu chini yake.

"Buda, hii ni ya kitambo. Spea zake hazitengenezwi tena. Miaka imeenda. Hii peleka museum."

"Aliyeitengeneza namjua," nikamwambia, kwa kuzoea tu.

"Basi mpigie," akasema, akamwita mteja mwingine.

Nikampigia rafiki yangu wa Lunga Lunga, mfanyabiashara anayevuka mpaka kila siku, aniulizie Tanga. Akanijibu kesho yake kwa ujumbe wa sauti: kuna kitrekta kama hicho kimekufa nyuma ya nyumba ya mtu, na kikombe chake kipo, ila nacho kimepasuka. Nilijua bila kuambiwa kwamba na huko kulikuwa na mtu na nyundo na watu wa kumtazama.

Nikajaribu kuchomea. Fundi wa Ukunda aliniambia aluminiamu ya zamani haishiki. Mimi nikamwambia anipe mashine nimwonyeshe. Nikamwonyesha: chuma kikayeyuka kama samli, sehemu ya ufa ikawa tundu la kupitisha kidole.

Salim hakuwa akinilaumu. Kila asubuhi alinitumia ujumbe mmoja tu. "Nyasi zimefika kwenye vifundo." Mvua ikanyesha usiku. "Nyasi zimepita vifundo." Mtu mwingine angenitukana, ningejua namna ya kujibu.

Jumatatu nilipanda pikipiki yangu mpaka Kombani, kwa Fundi Nyawa. Nyawa husubu sufuria. Hukusanya vyuma chakavu vya aluminiamu, huviyeyusha, humimina kwenye udongo mlaini uliochanganywa na mafuta, na zinatoka sufuria za harusi ambazo watu wawili hubeba moja. Maneno yake machache. Alikitazama kikombe, akakiziba tundu kwa sabuni ya kipande, akakikandamiza kwenye udongo kukitolea umbo.

Kisha akaniuliza swali. "Wewe wa kiwandani. Chuma kikipoa hupungua. Hiki kitapungua kiasi gani?"

Nimewaambia humu mara nyingi kwamba ufundi niliupata kwenye kiwanda cha sukari nilipokuwa kijana, chini ya mhandisi wa Kihindi aliyekuwa akiniita mwanangu. Kiwanda kilikuwepo. Mhandisi alikuwepo. Mimi nilikuwa nabeba chai. Nilikuwa nasimama na birika pale wanapokereza vyuma nikitazama mpaka nifukuzwe. Ufundi wangu wote ni wa kutazama na wa kuharibu, na darasa la saba.

Ningeweza kumjibu "sijui". Neno fupi.

"Hakipungui kitu cha maana," nikasema.

Akamimina. Tukangoja kipoe. Kilitoka kizuri kweli, kinang'aa, nikakipiga picha. Nikarudi nacho Msambweni mbio, nikakiweka kwenye sinia. Tundu la kwanza likaingia bolti. La pili likagoma. Yalikuwa yamekaribiana, tofauti ya punje ya mchele, lakini bolti haijui mchele.

Jumanne nikarudi Kombani. Nyawa alikicheka kwa pua.

"Sufuria zangu zote hupungua," akasema. "Hakuna anayezipima. Nilidhani wewe wa kiwandani unajua dawa yake."

Siku mbili zilikuwa zimekwenda kwa neno moja la uongo, na hilo lilikuwa dogo kuliko lile jingine.

Safari hii tuliliwaza pamoja, polepole. Tukakinenepesha kikombe cha zamani kwa nta ya mshumaa, tabaka juu ya tabaka, ili kipya kikipungua kitoshe. Yale matundu ya bolti tukayaziba kabisa, masikio yasubiwe mazima, kisha nitayatoboa mwenyewe kwa kuyapimia kwenye sinia. Nyawa akasema tuachane na vyuma vya sufuria, ni vilaini, tuyeyushe pistoni za pikipiki. Akazunguka kwa mafundi wa boda boda wa pale Kombani akapata saba. Umbo likatoka safi udongoni. Moto ukakolea. Akachungulia ndani ya chungu cha kuyeyushia.

"Haitajaa. Lete na hicho cha zamani, umbo tunalo tayari."

Kile chenye ufa. Kilikuwa mkononi mwangu, kimeshafutwa nta.

Nataka niandike hapa nilivyojisikia, maana hili sikumwambia yeyote. Nilifurahi. Nilikitia mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikasimama kutazama. Kwanza kilikaa juu ya ule moto kama hakitaki. Halafu ukingo ukalainika, ule mstari ukajifunga, na kikazama. Nilivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nikasema moyoni, basi, limekwisha.

Kikombe kipya kilikuwa kibaya cha sura, kinene kama jongoo, lakini kizima. Jumatano nikakipeleka Ukunda kikakerezwa ndani mpaka beringi ikaingia kwa kusukumwa na vidole gumba. Alhamisi nikatoboa masikio. Nilipima mara nne. Mimi ambaye hupima kwa jicho, jana nilipima mara nne kila tundu, jasho likinidondokea kwenye chuma. Bolti ziliingia zote nne.

Leo asubuhi tukakishusha kitrekta uwanjani Diani. Nyasi zilikuwa katikati ya muundi wa mguu. Wafanyakazi walisimama barazani, Madam kavaa buti za mvua, Athumani kaacha geti kaja kuchungulia. Salim alikuwa amevaa kofia yake ya kukatia. Ile ya ukindu, anayoivaa akipanda tu.

Nikaanza mimi, kupima. Kikanguruma. Nikaviteremsha visu, nikangoja ule mlio wa kokoto. Haukuja. Nikaenda mita kumi, ishirini, nikafika mpaka ukutani na kurudi, nyasi zinaruka pembeni kama maji. Nilisimamisha, nikaweka kiganja juu ya kikombe. Vuguvugu tu.

Watu wakapiga makofi. Nikakubali kwamba walinipigia mimi.

"Fundi, wewe ni noma," Madam akasema. "Kuanzia sasa mashine zote za hapa ni zako. Pampu, jenereta, zote."

Halafu bila kubadilisha sauti akamgeukia Salim.

"Salim, wewe utakuwa upande wa ukuta. Fyekeo iko stoo. Hii mashine haina spea tena, na mimi siwezi kurisk mtu aigonge kwa jiwe mara ya pili. Omari ataendesha."

Salim akasema, "Sawa, Madam." Akavua ile kofia. Hakunitazama. Akaenda stoo akarudi na fyekeo, na goti lile likaanza kuuteremka mteremko wa kwenda ukutani.

Ningeweza kuondoka. Pikipiki ilikuwa pale.

"Madam," nikasema, "kile kikombe nilikivunja mimi."

Akanitazama. Kisha akacheka, si kwa ubaya.

"Fundi. Juzi uliniambia ulitengeneza meli na nazi."

"Ile ilikuwa jenereta," nikasema, na hapo ndipo nilipojimaliza.

"Madam, usimsikilize," Athumani akadakia. "Mimi niliona kwa macho yangu. Aliitoa kwa mapigo matatu, tukihesabu. Kazi safi kabisa."

"Niliipiga kwa hasira ya sifa," nikasema. "Pigo la tatu ndilo lililopasua. Ufa niliuona nyinyi mmeshaondoka."

"Haya, nionyeshe hicho kikombe," Madam akasema.

"Nimekiyeyusha."

"Kiko wapi?"

Nikanyoosha kidole. Omari, mmoja wa wafanyakazi wa pale, tayari alikuwa akipita nacho mbele yetu, anakata mstari wa kwanza, umepinda.

Madam hakucheka tena. "Najua Salim ni shemeji yako. Kumtetea ni vizuri. Lakini usinifanye mimi mjinga." Akaingia ofisini.

Nikateremka mpaka ukutani. Salim alikuwa ameshaanza, anatupa fyekeo, anapumzika, anashika goti, anatupa. Nikamwambia yote pale pale, kichwa wazi, bila kuremba. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anipige.

"Mwamu, basi," akasema. "Usirudi tena kwake na maneno hayo. Sasa ataona mimi ndiye niliyekutuma."

Akaendelea kufyeka.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Siku zote wiki hii nilikuwa naogopa kusema. Haikunijia hata siku moja kwamba nitasema na nisiaminike.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kwa dada yangu. Salim alikuwa amerudi mapema, amelala chumbani. Mwanasha alikuwa uani anachemsha maji yenye chumvi ya kumkandia goti. Nikamwambia. Hakuacha kuchochea kuni.

"Hii nayo utaihadithia wapi, kaka?" akaniuliza.

"Siihadithii popote."

"Kwa nini? Nyingine zote umezihadithia mpaka Lunga Lunga." Akaipua sufuria. "Wewe ndiye mjomba wa wanangu. Wao likiwapata jambo, kwenu ndiko wanakoambiwa waende. Leo wakikuuliza, baba kwani aligonga jiwe, utawapa ipi? Ile ya jiwe au hii?"

"Hii."

"Basi ihadithie. Pale pale kwenye kahawa ulipojisifia."

Akaingia ndani na beseni, akaniacha uani na moshi.

Nikarudi. Nikaswali alasiri, nikaenda kukaa kwa jirani muuza kahawa, kwenye benchi, mahali pangu. Walikuwa wale wale. Athumani naye kaja, kaketi katikati, keshaanza kuwasimulia nilivyomdanganya Madam asubuhi ili nimwokoe mwamu wangu, na jinsi ilivyokuwa uungwana.

"Haikuwa uongo," nikasema.

"Haya, tupe," akasema mmoja, akajisogeza.

Nikawapa. Niliwaambia kuhusu maji ambayo sikuyachemsha, na pigo la tatu, na ukucha uliozama. Niliwaambia nilichomwambia Madam kwenye simu. Walikuwa wakicheka. Wamezoea, hucheka mapema ili wawe tayari. Nikafika kwenye ule moto wa Nyawa, nikawaambia nilikitia mwenyewe na nilifurahi. Wakacheka kidogo. Wakangoja.

Walikuwa wanangoja mwisho wake, pale ambapo Hamisi hushinda.

"Halafu?" mmoja akauliza.

"Halafu Salim leo amefyeka kwa lile goti."

Muuza kahawa akaacha kugongesha vikombe vyake. Athumani alikuwa ananitazama mdomoni, kama anayehesabu meno.

"Yaani kweli ulikivunja wewe," akasema.

"Mimi."

"Na mimi nimekula kiapo mbele ya Madam."

"Umekula kiapo cha ulichokiona. Ulichokiona ni kweli, ila hukuona kilichofuata."

Akakinywa kile kilichobaki kwenye kikombe chake, uchungu wote. Wengine wakaanza kutafuta viatu. Mmoja alinigusa bega akipita, mwingine hakunigusa. Athumani alibaki mpaka mwisho.

"Kesho wenye mali wanafika saa nne," akasema. "Zamu yangu inaanza alfajiri. Njoo saa moja, kabla Madam hajaanza kukimbizana na wageni. Tutaingia wawili. Mimi nitasema nilisema nisichokijua. Zaidi ya hapo ni wewe."

Sijui kama atatuamini. Anaweza kutuona wawili badala ya mmoja. Anaweza kuninyang'anya zile pampu na jenereta, na hapo atakuwa na haki. Salim ameniomba nisirudi, na mimi narudi. Hilo nalo nimelipima mara nne.

Nimekuwa hapa kibandani nikijaribu nitakavyomwambia. Mara ya kwanza niliingiza matumbawe na watu wa kahawa na kiwanda cha sukari. Nikayatoa matumbawe. Nikawatoa watu wa kahawa. Kila nikirudia yanakatika mengine, na nimeona nikiongeza hata neno moja sauti yangu inageuka, inaanza kunoga, na mimi mwenyewe naacha kuiamini.

Sasa yamebaki maneno matatu. Mimi ndiye niliyekivunja.